Sifa Zimwendee Kambale wa Umeme

Kwenye mialo ya Ziwa Tanganyika yupo samaki ambaye akitajwa, wavuvi husonya kwanza ndipo wakujibu. Wanasema ana roho mbaya. Wanasema ni mchokozi, anachelewesha kazi, na pesa anayoleta sokoni hailingani na maudhi anayoleta mtumbwini. Wengine humpa majina ambayo gazeti lenye kujiheshimu haliwezi kuyachapa. Nimeyasikia malalamiko hayo mara nyingi, na kila nikiyasikia najiuliza binadamu atashukuru lini. Anayesemwa hivyo ni kambale wa umeme. Leo naomba nimsemee, kwa kuwa yeye mwenyewe akianza kujieleza, msikilizaji huwa tayari yuko chini.

Tuanze na umbo lake, maana hata hilo limesemwa vibaya. Ni mnene, wa mviringo, laini mwili mzima, amejaa kichwa hadi mkia kama mto wa kulalia uliojazwa sufi ikatosha. Mgongoni ni kijivu au kahawia, tumboni mweupe, na ubavuni ana madoa meusi yaliyomwagwa bila mpangilio. Macho ni madogo, midomo ni minene, sharubu ziko sita. Mahali ambapo samaki wengine wameweka pezi la mgongoni yeye hana kitu. Ana kipande kidogo tu cha pezi la mafuta huko nyuma karibu na mkia, nadhani amekibakiza kwa ajili ya adabu. Na la muhimu zaidi, hana mwiba. Jamaa yake gogogo anayo mitatu, mmoja mgongoni na miwili ubavuni, na amechoma vidole vya watu tangu ziwa lilipokuwa ziwa, lakini sijasikia mtu akimtungia matusi. Kambale wa umeme amekuja mikono mitupu, hana silaha inayoonekana, na yeye ndiye anayeitwa mchokozi.

Mchana hujipumzikia kwenye mashimo na nyufa za miamba. Usiku hutoka kutafuta riziki. Ukoo wake umeenea: wako Mto Nile, Ziwa Turkana, Ziwa Chad, Mto Niger, Mto Kongo, hata Zambezi, na katika jamaa zake wapo wanaofika urefu wa mita moja na uzito wa kilo 20. Wa Ziwa Tanganyika walipewa jina lao wenyewe la kitaalamu, Malapterurus tanganyikaensis, mwaka 2000, pale mtaalamu wa samaki Tyson Roberts alipoupanga upya ukoo mzima na kugundua kwamba wengi walikuwa wakiitwa kwa jina la binamu. Ziwa Viktoria halikujaliwa kuwa naye. Wavuvi wa huko hutumbukiza mikono majini bila wasiwasi wowote, jambo linalodhoofisha tabia.

Sasa huduma yenyewe. Chini ya ngozi yake, kuanzia nyuma ya kichwa hadi karibu na mkia, amevaa koti la nyama laini lililomzunguka mwili mzima. Nyama hiyo asili yake ni misuli, ila iliacha kazi ya kuvuta na kusukuma ikaingia biashara ya umeme. Imejengwa kwa seli bapa zisizohesabika, zimepangwa moja nyuma ya nyingine, na kila moja ina uwezo wa sehemu ndogo tu ya volti, kiasi ambacho hakiwezi kumstua hata sisimizi. Lakini zikiamka zote kwa pamoja, vidogo vinajumlishwa, na jumla yake hufika volti 350. Soketi ya nyumbani kwako, siku ambayo ina kitu ndani yake, hutoa 230. Kwa hiyo samaki huyu, bila semina wala msaada wa wahisani, amevuka kiwango cha taifa.

Ninachokipenda zaidi ni utawala. Koti lote hilo, na seli zake zote, linaongozwa na seli mbili tu za neva zilizoko kwenye uti wa mgongo, moja kwa ajili ya upande wa kulia na moja kwa ajili ya kushoto. Ni kubwa ajabu kwa seli, na kila moja imetandaza matawi yake ubavu mzima. Makao makuu yana watumishi wawili. Hakuna naibu, hakuna bodi, hakuna gari la mwenyekiti wa bodi. Amri ikitoka inatekelezwa kila mahali kwa wakati mmoja, na mpigo huanza na kwisha ndani ya milisekunde moja au mbili. Kisha unafuata mwingine, na mwingine, mfululizo, kwa mteja ambaye hakuelewa ule wa kwanza.

Mimi niliwahi kulipia kuungiwa umeme nikaambiwa nguzo ziko njiani. Ziliendelea kuwa njiani mpaka ofisa aliyenipokea akastaafu, tukaagana vizuri. Wakapita vishoka wawili wakaniambia wanaweza kunisaidia usiku. Nguzo zilipofika, ukaja mgao. Mgao ulipokwisha, transfoma ya mtaani ikapigwa na mvua. Nayasema haya bila kinyongo, ili tu msomaji aone nimetokea wapi ninapomwangalia kambale. Yeye hana nguzo. Hana mita. Hauzi yuniti, hakuombi namba ya tarakimu ishirini uibofye gizani kwa mwanga wa simu. Mvua ikinyesha ndiyo kwanza mazingira ya kazi yamekuwa mazuri, na ukilowa zaidi unahudumiwa zaidi. Wala hachagui. Mwenye mtumbwi na kibarua wake, mchuuzi na bwana samaki wa wilaya, wote hupata kiwango kilekile, papo hapo, bila kujuana na mtu.

Wapo wanaouliza: kama ni mwema kiasi hicho, mbona yeye mwenyewe haumii? Swali lina haki yake, na limechunguzwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Bayreuth, Ujerumani, Georg Welzel na Stefan Schuster, walichapisha kazi yao mwaka 2021. Walimchukua kambale wa umeme wakamweka majini pamoja na samaki wa dhahabu, kisha wakamwacha afanye kazi yake. Samaki wa dhahabu alikakamaa. Mtoa huduma akaendelea na shughuli zake. Wakasema huenda amejizoesha umeme wake tu, basi wakapitisha majini umeme wa kutoka nje, wa aina ile inayotumika kupoozesha samaki ili wakamatwe. Hata huo haukumgusa. Misuli yake haikustuka na moyo wake haukuyumba. Kwa kifupi, kinachowafika wote hakimfiki anayekitoa, wala cha mwenzake mwenye cheo kama chake. Watu wenye husuda watasema hili wamelizoea kutoka kwingine. Mimi nasema ni uongozi.

Asubuhi moja, kwenye mwalo ulioko kusini mwa Kigoma, nilibahatika kuona mafunzo yakitolewa. Wavuvi walikuwa wameketi ukingoni wakitoa samaki kwenye nyavu za makila. Kulikuwa na kijana aliyetoka mjini kwa babu yake, amevaa kaptula mpya, anataka kusaidia kila kitu. Akaona kitu kinene kimejiviringisha kwenye nyavu, kimetulia.

"Mzee, huyu kambale mbona hana pezi mgongoni?"

"Mwache huyo, mwanangu."

"Lakini ni mkubwa, mzee."

"Nimesema mwache. Njoo unishikie huku."

Kijana alikuwa amekwisha kumshika kwa mikono miwili, ile ya mtu anayemwinua mtoto kutoka kitandani. Haukutoka mlio wowote. Viwiko viligonga mbavu zake, mabega yakapanda hadi masikioni, akakaa kitako ndani ya maji ya kina cha goti pamoja na kaptula yake. Samaki alirudi pale pale alipokuwa, kwenye nyavu, akatulia vilevile. Sharubu moja tu ndiyo iliyosogea. Mzee alimtazama kijana kwa makini mpaka alipoona anapumua, kisha akarudi kwenye kazi yake, na mabega ndiyo yaliyomsaliti kwamba anacheka. Kijana alikuwa akiutazama mkono wake wa kulia, akiufunga na kuufungua kuhakikisha kama bado ni wake.

"Shikamoo, mzee," alisema baadaye, ingawa walikuwa wameamkiana tangu alfajiri.

Nimesoma shule ambazo zilijaribu miaka kadhaa kunifundisha kumsikiliza mkubwa na hazikufika hapo. Hapa mtaala mzima ulimalizika kabla mwanafunzi hajafumba macho, bila ada, bila sare, na sina shaka atakumbuka hata akizeeka. Wala asidhani mtu kuna hatari ya maisha. Shoti ya kambale wa umeme haijulikani kwa kuua watu. Hutia ganzi, huumiza, na humfanya mtu aachie alichoshika. Ni mangapi tumeng'ang'ania tungeyaachia mapema kama tungekuwa na msaada wa aina hiyo.

Huduma hii si ya jana. Huko Saqqara, Misri, kwenye kaburi la Ti, mkubwa wa enzi ya mafarao aliyeishi yapata mwaka 2400 KK, mafundi wamechonga ukutani mandhari ya mtoni, mitumbwi, mafunjo na samaki wa Nile waliokuwa wakijulikana. Kambale wa umeme yumo. Amechongwa vizuri, mnene kama alivyo, katika kaburi la mtu ambaye angeweza kuagiza achongwe samaki yeyote. Karne nyingi baadaye, mwanzoni mwa karne ya 13, tabibu Abd al-Latif al-Baghdadi aliandika habari za Misri akamtaja samaki wa mtoni ambaye anayemshika akiwa hai hutetemeka asiweze kujizuia. Al-Baghdadi hakulalamika. Aliandika tu, kama msomi.

Kisha akaja Mfaransa Michel Adanson, aliyefika Senegal mwaka 1749 akiwa kijana anayekusanya mimea na wanyama. Alishikishwa kambale wa umeme. Wakati huo Ulaya ilikuwa na mchezo mpya mjini, chupa ya Leyden, chombo cha kuhifadhi umeme kilichokuwa na umri wa miaka michache, ambacho waheshimiwa walilipa kiingilio ili kipate kuwapiga. Katika kitabu alichochapisha mwaka 1757 Adanson aliandika kwamba mpigo wa samaki huyu wa Senegal haukuwa tofauti na ule wa chupa ya Leyden. Fikiri maana yake. Watu walikuwa bado hawajakubaliana umeme ni kitu gani, na tayari samaki wa mto wa Afrika alikuwa ametoa ushahidi kwamba unaweza kuzalishwa na nyama hai. Adanson akapata heshima zake. Mtaalamu wa mimea Linnaeus akaupa mbuyu jina lake, Adansonia, na hadi leo ndivyo unavyoitwa kwenye vitabu. Mbuyu, ambao haujawahi kumstua mtu, umepewa jina la Adanson. Samaki aliyemtikisa mwenyewe hakupata hata barua.

Sifa zilikwenda ng'ambo. Zilikwenda kwa mkunga wa umeme wa Amerika ya Kusini, ambaye kwa ukoo si mkunga hata kidogo. Jamaa zake wa karibu ni hawa hawa akina kambale, lakini amekubali jina kubwa akanyamaza. Mwezi Machi 1800 Alexander von Humboldt alikuwa Calabozo, Venezuela, akitaka kumpata akiwa hai. Wenyeji wakaingiza farasi wapatao 30 kwenye bwawa, mikunga ikawapiga, farasi wakapiga kelele, na wawili wakazama ndani ya dakika chache. Humboldt mwenyewe aliwahi kumkanyaga mmoja akashinda siku nzima anaumwa magoti na viungo. Mwezi huo huo Alessandro Volta aliandika barua kutoka Italia kwenda Royal Society ya London akieleza betri ya kwanza duniani, vipande vya metali vilivyopangwa safu kwa safu, na akasema waziwazi kwamba chombo chake kinafanana na kiungo cha samaki wa umeme. Alimtaja taa wa baharini na yule mkunga. Wa Nile na Senegal akabaki nje ya mlango. Mwaka 2019 wataalamu wakiongozwa na David de Santana wakatangaza kwamba mikunga ni spishi tatu, si moja, na ile waliyoipa jina Electrophorus voltai walipima mmoja wake akatoa volti 860. Basi na yeye Volta akapata samaki. Katika hifadhi ya samaki ya Chattanooga, Tennessee, mkunga mmoja aitwaye Miguel Wattson alifungiwa vihisio majini, akitoa mpigo ujumbe ukarushwa Twita na taa za mti wa Krismasi zikamulika. Alipata wafuasi wengi. Kambale wetu hana hata mmoja. Wote waliowahi kumfuata waliacha baada ya kumfikia.

Darwin alimpa angalau heshima ya kumsumbua. Katika kitabu chake cha mwaka 1859 alikiri kwamba viungo vya umeme vya samaki ni mtihani mgumu kwa hoja yake ya mageuko ya viumbe, kwa sababu vimejitokeza kwa samaki wasio na udugu wa karibu. Leo inahesabiwa kwamba umeme umeanza upya kwa samaki mara 6, kila ukoo kivyake. Naona kama zabuni iliyotangazwa mara sita na kila mshindi akaleta mashine yake.

Hapa lazima niwazungumzie wanaosifiwa kuwa wastaarabu, maana wapo wanaosema: kama samaki anataka umeme, si autumie kwa upole, kama domodomo?

Domodomo anajulikana. Yuko Viktoria, yuko Rufiji, yuko Kilombero, ana mdomo mrefu uliochongoka kuelekea chini, na umemla akiwa wa moshi au wa kukaanga bila kufikiri lolote. Naye ana umeme. Uko kwenye shina la mkia, mdogo mno, hata ukimshika mkononi hutasikia kitu. Yeye hautumii kumpiga mtu. Huutumia kuona. Kila mara hutoa mpigo mfupi, na kuuzunguka mwili wake hujengeka uga wa umeme ndani ya maji; kitu chochote kikiingia humo, jiwe, jani, buu la mbu kwenye tope, kinaupinda uga huo, na ngozi ya domodomo iliyojaa vipokezi husoma mpindo ulivyo. Usiku wa manane, maji yakiwa kama uji, yeye anajua kilichoko mbele yake na kiko umbali gani. Mipigo hiyo hiyo ndiyo lugha yake ya kujuana na wenzake. Ukoo wake una spishi zaidi ya 200, zote za Afrika, na kila moja ina lafudhi yake ya umeme.

Kazi hiyo inahitaji akili, na akili ina gharama. Domodomo mdogo aitwaye Gnathonemus petersii, wa Mto Kongo na mito ya Afrika Magharibi, amepimwa: ubongo wake ni kama asilimia 3 ya uzito wake, lakini hula asilimia 60 hivi ya oksijeni yote anayoivuta. Wa binadamu hula kama asilimia 20, na tunavyojisifu. Ndugu yao wa mbali, Gymnarchus niloticus, samaki mrefu wa Nile na wa Turkana, huogelea kinyumenyume kwa wepesi ule ule wa kwenda mbele, na bado hagongi kitu. Hans Lissmann wa Cambridge alimtazama akiingia kwa mkia kwenye nyufa bila kukosea, akaamua kumchunguza. Mwaka 1951 alitangaza kwamba samaki huyu hutoa umeme dhaifu bila kukoma, mipigo kama 300 kwa sekunde. Mwaka 1958, yeye na Ken Machin, walimpa mtihani wa vyungu: viwili vinavyofanana, vyote vya udongo unaopitisha maji, kimoja kimefichwa ndani yake kijiti cha kioo. Huwezi kuona ndani, huwezi kunusa. Samaki alijua kipi ni kipi.

Hata ugomvi hawataki. Gymnarchus wawili wakikutana na mapigo yao yakakaribiana kiasi cha kuvurugana, kila mmoja husogeza wake kidogo, huyu juu, yule chini, mpaka kila mtu asikie vyake. Samaki wa Amerika ya Kusini aitwaye Eigenmannia naye hufanya hivyo hivyo, na hawajawahi kufundishana. Msomaji anayekaa katikati ya baa mbili hataamini, lakini imepimwa. Huko Ziwa Nyasa, domodomo mkubwa aitwaye Mormyrops anguilloides huwinda usiku kwa kikundi, na wakipotezana na kukutana tena husalimiana kwa mfululizo wa mipigo. Matthew Arnegard na Bruce Carlson walirekodi hayo wakayachapisha mwaka 2005.

Yote hayo ni mazuri, na tazama yanawafikisha wapi. Kambale wa kawaida, huyu wa sokoni, hana umeme wa kutoa ila ana vipokezi vya kuusikia. Kule Kusini mwa Afrika huwinda akina domodomo wadogo, na kwenye delta ya Okavango wanakuja makundi kwa makundi. Majaribio ya Hanika na Kramer yaliyochapishwa mwaka 2000 yalionyesha kwamba madume wa domodomo mmoja wa huko, ambao msimu wa kuzaana hurefusha mipigo yao, ndio anaowasikia kwa urahisi. Dume anarefusha maneno ili apendwe, na anayekuja ni kambale. Aliyenusurika na kambale anakuja kunaswa kwenye mgono, anapasuliwa, anabanikwa, na ubongo ule unaokula asilimia 60 unatupiwa paka pamoja na kichwa.

Kambale wa umeme aliyaona hayo akachagua njia yake. Hatumii volti zake 350 kuulizia njia. Hachungulii nyufa kwa umeme, hasalimii kwa umeme, hampishi mtu masafa. Akikutana na kitu asichokielewa hakichunguzi, anakipiga. Kikitulia, anaangalia kama kinalika. Huo ndio utaratibu wake wa kupata habari, na umemtosha. Sijasikia anayemnyatia kwenye tope, wala mvuvi aliyemtafuta makusudi. Domodomo anaheshimiwa katika maabara tano au sita duniani. Kambale wa umeme anaheshimiwa na kila mtu aliyewahi kumgusa.

Kwa hiyo natoa mapendekezo, na nayatoa kwa unyenyekevu. Kwanza, akae kwenye beseni pana mapokezi katika ofisi za umma, ili yule ndugu anayeruka foleni kwa kusema anauliza swali dogo tu apewe nafasi ya kuliuliza hapo. Pili, msimu wa uchaguzi, kabla mgombea hajaahidi maji, barabara na umeme, amshike kwanza, mikono miwili, huku akitaja tarehe ya kukamilisha mradi. Tatu, atajwe kwenye vitabu vya shule za msingi, si kwa ajili ya mtihani, bali watoto wamjue kabla ya kukutana naye mkononi.

Kasoro anayo, nisije nikaonekana nimehongwa. Huchoka. Akipiga mfululizo, nguvu hupungua, mipigo inalegea, na baada ya muda anahitaji mapumziko ili arudi kwenye kiwango chake. Wazoefu mwaloni wanalijua hilo. Hawamgusi kwa mkono uliolowa. Humkung'uta kutoka kwenye nyavu kwa kijiti kikavu, wakamwacha kwenye mchanga mkavu, wakaendelea na kazi, na kila apitaye anamchokoza kidogo ili amalize alichonacho. Hata akionekana amekufa, mama anayejua biashara yake haamini mara moja. Atamsukuma kwa ncha ya kisu chenye mpini wa mbao, atangoja, atasukuma tena, ndipo amtumbue, na mafuta ya mawese yatamalizia mengine.

Bei yake, mara zote nilizouliza, ilikuwa chini ya kambale wa kawaida wa ukubwa huo huo. Wachuuzi husema ni kwa sababu ya usumbufu wa kumbeba. Nimejaribu kuwaeleza kwamba wanajipunja: nyama ni ileile, na umeme amekuja nao.